Raifali yenye mtutu usiojulikana: uipumzishe, uipime, ubadilishe mtutu au ununue nyingine?

Mzee amefariki, familia imefuata taratibu zote za kurithi silaha yake, na kabatini imo Mauser, raifali ya asili ya Ujerumani, ambayo namba ya mtutu hailingani na namba ya mwili wa bunduki. Hakuna anayekumbuka nani aliufunga mtutu huo, wala lini. Mbali kabisa na hapo, kijana aliyehamia Texas kutoka Goma amenunua kwa mtu AR-15, raifali maarufu ya Kimarekani, iliyoungwa kwa vipande vya hapa na pale, na mtutu wake hauna jina la kiwanda chochote. Hawa wawili wana swali moja: bunduki hii naweza kuifyatua, au niiache?

Swali hilo linastahili kujibiwa kwa utulivu. Kwa viwango vya C.I.P., tume ya kimataifa ya upimaji wa silaha iliyoanza mwaka 1914, risasi ya .308 Winchester inaruhusiwa kufikisha presha ya baa 4,150 ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inakokaa risasi. Tairi la gari dogo hujazwa baa mbili na kidogo tu. Nguvu yote hiyo inazuiwa na chuma kilicho karibu kabisa na jicho na kiganja cha anayefyatua. Chuma hicho kikishindwa, vinavyoumia kwanza ni macho na vidole, na mara nyingine aliyesimama pembeni.

Ninaowaandikia hapa ni watu wenye silaha yenye leseni. Gobore lililotengenezwa kwa bomba la maji halimo katika ulinganisho huu. Bomba lile halikutengenezwa kubeba presha ya baruti, na hakuna kipimo cha kulihalalisha. Hilo lipelekwe polisi, likiwa tupu.

Mtutu hupasuka kwa nini?

Watu wengi hudhani sababu kuu ni chuma kibovu. Chuma kibovu kipo, nami nitakifikia, lakini mara nyingi zaidi chanzo ni kitu kilichoziba njia au risasi isiyo ya bunduki hiyo.

Kuziba hutokea kirahisi. Mwindaji anajikwaa, ncha ya mtutu inachota tope. Kitambaa cha kusafishia kinasahaulika ndani. Katika nchi zetu wapo pia nyigu wanaojenga kwa udongo, ambao hupenda tundu lolote lililotulia ukutani kwa wiki chache. Halafu kuna risasi iliyokwama: baruti ilikuwa kidogo au ililowa, kishindo kikatoka dhaifu, kipande cha risasi kikabaki katikati ya mtutu. Risasi inayofuata ikikigonga, presha hupanda ghafla mahali hapo, na mtutu huvimba au hupasuka.

Mtutu uliovimba bila kupasuka unaweza kuutambua mwenyewe. Toa bolti (kipande kinachoteleza na kufunga chemba kwa nyuma), hakikisha chemba ni tupu, elekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha na uchungulie kutokea nyuma. Mtutu mzima huonyesha mifuo, yaani michirizi iliyochongwa ndani, inayozunguka kwa mng'ao usiokatika. Uliovimba huonyesha pete nyeusi mahali fulani, kama kivuli kilichojikunja ndani ya tundu. Kisha pitisha vidole polepole kwa nje, kuanzia chembani hadi nchani. Ukisikia mwinuko ambao jicho halikuuona, mtutu huo umekwisha.

Risasi isiyo yake ni hatari nyingine kubwa. Mwaka 1905 jeshi la Ujerumani lilibadilisha risasi ya Mauser ya 7.92, na kipenyo chake kikatoka takriban milimita 8.08 kwenda 8.20. Ganda, yaani kikopo cha chuma kinachobeba baruti, lilibaki karibu lilelile. Kwa hiyo Mauser ya zamani yenye mtutu mwembamba inaweza kuipokea risasi ya baadaye, bolti ikafunga vizuri, na mwenyewe asihisi tofauti yoyote mpaka afyatue. Marekani kuna ndugu yake wa kisasa: risasi ya .300 Blackout, iliyoingizwa katika viwango vya huko mwaka 2011, imetokana na ganda la .223 na huingia kwenye magazini zilezile. Kipenyo chake kinakaribia milimita 7.8. Ikilazimishwa kupita kwenye mtutu wa milimita 5.7, bunduki hulipuka mikononi. Sasa fikiria mtutu usio na chapa ya kaliba, yaani aina ya risasi unayoitumia. Huna hata mahali pa kuanzia.

Chuma chenyewe nacho kina historia yake. Raifali za Marekani za Springfield M1903 za awali zilikuwa na risiva, yaani mwili unaoshika mtutu na kubeba bolti, zilizochomwa moto kiwandani kwa kukadiria rangi ya chuma kwa jicho. Mwanga wa siku ulimdanganya fundi: siku ya jua kali chuma chekundu kilionekana hafifu, akakizidishia moto, kikawa kigumu na kinachovunjika kama kigae. Baada ya bunduki kadhaa kupasuka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, utaratibu ulibadilishwa mwaka 1918. Hadi leo, CMP, shirika la Marekani linalouza raifali za zamani za jeshi kwa raia, linashauri zisifyatuliwe M1903 za Springfield zenye namba chini ya 800,000, wala za Rock Island zilizo chini ya 285,507.

Ziangalie hizo namba mbili tena. Zinaokoa macho ya watu kwa sababu moja tu: kiwanda kiligonga namba, na kumbukumbu zikatunzwa. Laiti risiva zile zingekuwa hazina namba, kasoro ingejulikana na bado mwenye bunduki asingejua kama yake imo. Kiungo chenye asili inayojulikana nacho kinaweza kuwa na kasoro. Tofauti ni kwamba kasoro ikigundulika, onyo lina njia ya kukufikia.

Vigezo vya kulinganisha

Njia ziko nne, nami nimezipima kwa mambo matano. La kwanza ni usalama wa anayefyatua. La pili ni asili: je, yupo mtu au kiwanda kinachoweza kuulizwa kuhusu kila kiungo? La tatu ni sheria, la nne gharama na kazi, la tano ni nani inamfaa. Sikuweka usahihi wa shabaha kwenye orodha, kwa kuwa mtutu unaolenga vizuri unaweza kuwa uleule wenye ufa.

Njia ya kwanza: kuipumzisha

*Usalama.* Bunduki isiyofyatuliwa haimpasukii mtu. Lakini ikumbukwe kwamba nyumba ina watu wengi, na mjukuu wa kesho hajui ulichoamua leo. Bolti itolewe ihifadhiwe mbali na bunduki, na kikaratasi kigumu kifungwe kwenye kifyatulio kikieleza wazi kwamba haifyatuliwi, na kwa sababu gani.

*Asili.* Hapa ndipo historia inapohifadhiwa bila kumdhuru mtu. Mwaka 1914 askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani huku kwetu, bado walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya baruti nyeusi yenye moshi mwingi. Mtutu wa aina hiyo haukujengwa kwa presha ya baruti ya kisasa. Thamani yake iko kwenye alama zake za asili, na kuufanyia ukarabati ni kuzifuta.

*Sheria.* Kutoifyatua hakuiondoi kwenye leseni. Bado ni silaha, bado inahitaji kabati la chuma na kumbukumbu polisi. Uingereza kuna utaratibu rasmi wa kuikata ndani isiweze kufyatua tena, ikathibitishwa kwa cheti. Kwetu, asiyetaka kubaki nayo huisalimisha, na polisi wa Tanzania wamewahi kutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha wasizozimiliki kihalali.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote.

*Inamfaa nani.* Mwenye bunduki ya urithi ambayo thamani yake ni kumbukumbu, mwenye bunduki ya enzi za baruti nyeusi, na mwenye M1903 ya namba za chini. Hamfai mkulima ambaye viboko wanaingia shambani kila wiki na silaha yake ni hiyo moja.

Njia ya pili: kuipima na kubaki na mtutu uleule

*Usalama.* Fundi bunduki aliyehitimu huanza kwa kumwaga ndani ya chemba aloi laini inayoyeyuka kwa joto la chini kuliko la maji yanayochemka. Ikiganda anaitoa na kuipima, akapata umbo halisi la chemba. Halafu husukuma kipande cha madini laini ya risasi (ledi) kupitia mtutu mzima, akapima kipenyo chake kwa mikromita. Kwa vipimo hivyo viwili, swali la kaliba huondoka kwenye kubahatisha. Baada ya hapo huingiza geji za chemba kuangalia nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda. Nafasi ikizidi, ganda huvutika na kukatika karibu na kitako, gesi ikarudi nyuma usoni. Kasoro hii ni ya kawaida kwenye bunduki ambazo bolti yake si ya asili. Mwisho ni kamera nyembamba ndani ya mtutu, na kipimo cha sumaku kwa unga wa chuma, ambao hujipanga kwenye ufa usioonekana kwa macho.

Kipimo hicho hakimwambii fundi chuma kilichomwa moto namna gani kiwandani. Risiva zile za Springfield zingeweza kuvifaulu vipimo vyote vya urefu na upana, na bado zikapasuka.

Ulaya wana hatua ya ziada. Nyumba za upimaji, kama ya London iliyopewa hati mwaka 1637, ya Liège ya mwaka 1672 na ya Birmingham ya mwaka 1813, hufyatua kila silaha kwa risasi maalumu ambayo kwa raifali presha yake huzidi kiwango cha juu kwa asilimia 25. Ikistahimili, hugongwa muhuri. Muhuri huo una thamani kubwa, ila unashuhudia hali ya siku ile. Mtutu uliofupishwa au kuchongwa chemba upya baada ya hapo umeupoteza ushahidi wake, hata kama alama bado inasomeka.

Wapo wanaojipimia nyumbani: bunduki inafungwa kwenye tairi, kamba inavutwa kwa mbali, risasi ikitoka salama wanasema imefaulu. Nawaomba waache. Risasi ya kawaida haizidishi presha, kwa hiyo haijapima chochote. Na kama kuna ufa, mlio huo umeurefusha kidogo, bunduki ikarudishwa begani ikiwa dhaifu kuliko ilivyokuwa asubuhi.

*Asili.* Vipimo huziba pengo kwa sehemu. Utajua mtutu ulivyo leo. Hutajua ulikopita. Ukiwa na muhuri wa zamani unaosomeka na jina la kiwanda, pengo hupungua sana. Ukiwa hauna alama hata moja, linabaki.

*Sheria.* Uingereza ni kosa kuuza silaha isiyopita upimaji, na sheria hiyo ina msingi wa mwaka 1868. Nchi za Afrika Mashariki hazimo kwenye C.I.P., na Marekani pia haimo. Falme za Kiarabu ni wanachama. Kutoa bunduki Arusha na kuipeleka nje kupimwa kunahitaji vibali vya pande zote mbili, na kwa wengi safari hiyo haina maana.

*Gharama.* Ya kati. Kuwa tayari kisaikolojia kwamba majibu yanaweza kuwa "usiifyatue tena", na pesa ya kipimo imeshatoka. Pesa hiyo haikupotea.

*Inamfaa nani.* Mwenye raifali ya kiwanda kinachojulikana, yenye alama zinazosomeka, ambayo imepungukiwa na historia tu.

Njia ya tatu: kubadilisha mtutu

*Usalama.* Mtutu mpya wa kiwanda chenye jina, uliofungwa na fundi anayejua, unaondoa shaka ya mtutu. Shaka ya risiva inabaki palepale. Kufunga mtutu mzuri kwenye risiva inayovunjika hakumsaidii mtu, na uzuri wa nje unaweza kumpa mwenyewe imani isiyostahili. Aina ya risiva nayo ina uzito: Mauser ya 1898 ina kishikizo cha tatu cha usalama kwenye bolti na matundu ya kupitishia gesi iliyovuja, za 1893 na 1895 zina vishikizo viwili tu. Usichague kaliba yenye presha kubwa kuliko risiva ilivyojengewa.

*Asili.* Soko la Marekani ndilo lenye mtego mkubwa hapa. Kwa sheria ya shirikisho ya huko, risiva ndiyo inayohesabika kuwa silaha, na mtutu huuzwa kama kipuri, hata kwa posta. Ndiyo maana mitutu isiyo na jina imezagaa. Kwenye mitutu ya AR-15 utakuta herufi MP, maana yake ulipimwa kwa sumaku, na HP, maana yake ulifyatuliwa kwa presha ya juu. Ni alama nzuri zikiambatana na jina la kiwanda na kaliba. Zikiwa peke yake, ni herufi ambazo mtu yeyote mwenye mashine anaweza kuzichora.

*Sheria.* Msomaji wa Kenya au Tanzania asiige mtindo wa Marekani. Sheria ya silaha ya Kenya inahesabu hata kiungo cha bunduki kuwa silaha, na kuingiza mtutu mzigoni kama kipuri cha pikipiki kunaweza kumfikisha mtu gerezani. Tanzania pia, chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015, anza na mamlaka ya leseni kabla ya kuagiza chochote, kazi ifanywe na fundi aliyesajiliwa, na badiliko la kaliba liandikwe kwenye leseni.

*Gharama.* Kubwa. Bei ya mtutu mzuri pamoja na kazi ya fundi mara nyingi hukaribia bei ya raifali mpya ya kawaida.

*Inamfaa nani.* Mwenye risiva nzuri iliyothibitishwa, anayeipenda bunduki hiyo hasa, na aliye karibu na fundi wa kweli.

Njia ya nne: kununua nyingine, mpya na kamili

*Usalama.* Mtutu, bolti na risiva vimetoka mahali pamoja, vikapimwa pamoja. Huu ndio ubora wake. Bado mnunuzi anatakiwa kufuta mafuta ya kiwandani ndani ya mtutu kabla ya kufyatua, na kutumia risasi iliyoandikwa kwenye mtutu, si nyingine.

*Asili.* Mwaka 2004 Sako ya Ufini ilirudisha kiwandani raifali zake na za Tikka zenye mitutu ya chuma kisichoshika kutu, baada ya kugundulika kwamba baadhi ya mitutu hiyo ingeweza kupasuka. Kiwanda kikubwa, chenye sifa, na bado chuma kibaya kikapita. Lakini wenye bunduki waliweza kuambiwa ni zipi, zikarudishwa. Mtutu usio na jina ungekuwa na kasoro hiyohiyo, nani angempigia simu mwenyewe?

*Sheria.* Inahitaji leseni au idhini mpya, na ile ya zamani inabidi itolewe maelezo: imebaki, imeuzwa kihalali au imesalimishwa. Usajili wenyewe ni rahisi kuliko wa bunduki ya vipande, kwa kuwa namba ni moja na nyaraka zipo.

*Gharama.* Ni pesa nyingi kwa mara moja. Huna gharama za kuchunguza.

*Inamfaa nani.* Anayeitegemea silaha kwa kazi: askari wa wanyamapori wa binafsi, mwindaji wa kitalu, mkulima wa mpakani mwa hifadhi. Pia mtu anayeanza, ambaye bado hawezi kutofautisha ganda zima na ganda lililovutika.

Kwa hali yako

Kama mtutu hauna jina, kaliba wala muhuri wowote, mimi nisingesumbuka na njia ya pili. Chagua kati ya kuipumzisha na kubadilisha, na kubadilisha kuwe na maana iwapo tu risiva inajulikana.

Kama alama zipo ila namba za bolti na mtutu hazilingani, usifyatue kabla ya geji za chemba. Kwenye Lee-Enfield No. 4, raifali ya jeshi la Uingereza, kasoro hiyo mara nyingine hurekebishika, maana vichwa vya bolti vilitengenezwa kwa saizi kuanzia 0 hadi 3. Kwenye Mauser kazi ni kubwa zaidi.

Kama bunduki ni ya urithi na familia imegawanyika, mmoja anataka kuwinda nayo na mwingine anataka ibaki ukumbusho, ipimwe kwanza. Majibu ya fundi humaliza ubishi huo bila mtu kuonekana ameshindwa.

Kama uko Marekani na umekuta AR-15 ya bei rahisi isiyo na chapa kwenye mtutu, hesabu bei yake pamoja na mtutu mpya na kazi ya fundi, halafu linganisha na ya kiwandani. Ukiwa na .223 na .300 Blackout nyumba moja, magazini zitofautishwe kwa rangi na risasi zikae masanduku tofauti.

Kama umepewa risasi zilizojazwa upya na mtu usiyemjua, njia zote nne hazikusaidii. Usizitumie hata kwenye bunduki mpya.

Na kama tayari uko uwanjani, ukafyatua, kishindo kikatoka dhaifu au moshi ukarudi usoni: usipakie nyingine. Mtutu ubaki umeelekea shabaha, hesabu sekunde 30, fungua bolti, toa ganda na magazini, kisha toa bolti na uangalie mwanga kupitia mtutu. Usipoona mwanga, kazi ya siku hiyo imeishia hapo, na bunduki iende kwa fundi ikiwa tupu.